Motokaa ya Gaggenau na Njia ya Wapagazi

Tarehe 10 Agosti 1907, katika mji huu wa Dar es Salaam, ambao ulikuwa haujatimiza nusu karne tangu Seyyid Majid bin Said wa Unguja alipoanza kuujenga kando ya kijiji cha Mzizima, na ambao wakati ule ulikuwa makao ya serikali ya Wajerumani, iliondoka motokaa moja yenye silinda 4, ikaipa bahari mgongo na kushika njia ya bara, hali mwenyewe amenuia kwamba haitarudi nyuma mpaka aione bahari ya pili, ile ya magharibi, katika bandari ya Swakopmund. Mwenye azma hiyo alikuwa Paul Graetz, afisa aliyezaliwa Zittau mwaka 1875, ambaye alikwisha kutumika katika jeshi la kikoloni la nchi hii. Na motokaa yake iliundwa makusudi kwa safari hiyo na kiwanda cha Süddeutsche Automobilfabrik, katika mji mdogo wa Gaggenau, kusini mwa Ujerumani. Aliwasili Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, baada ya siku 630 na masafa ya kiasi cha kilomita 9,500, akahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kulivuka bara la Afrika kwa motokaa kutoka bahari hadi bahari.

Kiwanda hicho cha Gaggenau kilikuja kumezwa na kampuni ya Benz, na Benz nayo ikaja kuungana na Daimler, ikazaliwa kampuni ambayo nyota yake yenye ncha tatu haina mtoto wa Kariakoo asiyeijua. Taarikhi ya kampuni hiyo aghalabu husimuliwa kana kwamba ni kazi ya wanaume wawili watatu waliojifungia katika karakana za Mannheim na Cannstatt, wakatoka na jambo la shani lililojiendesha lenyewe hata likauenea ulimwengu. Walakini gari halijapata kujiendesha lenyewe, wala siku ile ya kwanza huko kwao, wala siku lilipotoka hapa kwenda Swakopmund, wala hivi leo katika mitaa ya Gerezani. Na mtu akitaka ithibati ya maneno haya, hana haja ya kwenda mbali zaidi ya habari za kampuni yenyewe.

Mfamasia, mshona viatu na binti wa mfanyabiashara

Karl Benz, aliyezaliwa mwaka 1844, alianzisha kampuni yake ya Benz & Cie. mjini Mannheim mwaka 1883, na tarehe 29 Januari 1886 akaomba hataza nambari 37435 kwa chombo cha magurudumu matatu kilichoendeshwa kwa injini ya petroli. Mwaka uo huo, huko Cannstatt, Gottlieb Daimler na msaidizi wake Wilhelm Maybach walitia injini yao katika gari la farasi la magurudumu manne. Lakini uvumbuzi uliokaa karakanani haujawa msafiri, na watu wa Mannheim walikitazama chombo cha Benz kwa mashaka, mpaka mkewe, Bertha, alipoamua mwezi wa Agosti 1888 kukitoa bila ya kumwaga mumewe, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akaenda kumzuru mama yake Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100.

Safari ile hutajwa sana kwa ujasiri wa yule bibi, na ni haki yake kusifiwa, kwa kuwa mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake, na waya ulipochubuka aliukinga kwa ukanda wa soksi. Lakini ukiitazama kwa insafu utaona kwamba walioifikisha motokaa Pforzheim walikuwa wengi: mfamasia wa Wiesloch aliyemuuzia mafuta, kwa maana vituo vya petroli vilikuwa havijakuwako duniani, mshona viatu aliyempigilia ngozi juu ya breki zilizokuwa zikilika, na wanawe waliokuwa wakishuka kusukuma kila palipokuwa na mlima. Ndiyo kusema kwamba safari ndefu ya kwanza ya motokaa ilikuwa pia siku ya kwanza ya ufundi wa njiani, na mafundi wenyewe walikuwa watu ambao asubuhi yake hawakujua kuwa motokaa ni nini.

Jina la Mercedes nalo lilitokana na mteja, si fundi. Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekaa Nice na kuwauzia matajiri wa huko magari ya Daimler, aliagiza mwaka 1900 gari jipya lenye kasi zaidi na lililokaa chini zaidi, akashurutisha liitwe kwa jina la binti yake, Mercédès. Daimler mwenyewe alikwisha kufariki mwezi wa Machi mwaka huo, na kazi ikawa ya Maybach. Gari likatoka, likashinda mashindano ya Nice ya mwaka 1901, na mwaka 1902 jina likasajiliwa kuwa alama ya biashara. Nyota ikasajiliwa mwaka 1909, mwaka ambao Graetz alifika Swakopmund. Kisha ikaja vita, na baada ya vita ikaja dhiki ya fedha iliyowakaba Wajerumani hata kampuni mbili zilizokuwa zikishindana zikaona heri ziungane, zikawa Daimler-Benz mwezi wa Juni 1926.

Gaggenau ina asili kongwe kuliko zote hizo, maana palikuwa na kiwanda cha chuma tangu mwaka 1683. Katika miaka ya 1890 mwenye kiwanda, Theodor Bergmann, alimtumia mhandisi Joseph Vollmer kuunda motokaa waliyoipa jina la fahari, Orient Express. Ikafuata motokaa ndogo iitwayo Liliput. Na mwaka 1905 kazi ya magari ikawa na kampuni yake mbali, chini ya Georg Wiss. Mwaka 1907, mwaka uleule Graetz alipong'oa nanga hapa, Benz iliingia ubia na Gaggenau, wakagawana kazi: Mannheim iunde magari ya watu, Gaggenau iunde malori na mabasi, na kufikia mwaka 1910 kiwanda chote kikawa mali ya Benz. Kwa hiyo gari lililoanzia safari Dar es Salaam linahesabiwa katika ukoo wa Mercedes-Benz, ijapokuwa siku lilipoondoka halikuwa na nyota usoni.

Kilomita 15 kwa siku

Tuitazame nchi aliyoiingia Graetz. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka bandarini mwaka 1905, ilikuwa haijafika hata Morogoro. Ilifika huko mwezi wa Desemba 1907. Upande wa kusini Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimezimwa, na njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na maghala ilikuwa ikiwaua watu wengi kuliko bunduki zilivyowaua. Farasi na ng'ombe wa kukokota hawakuweza kutegemewa, kwa kuwa mbung'o walienea katika mapori mengi na nagana iliwamaliza. Basi kila kitu kilichotoka pwani kwenda bara, na kila kitu kilichotoka bara kuja pwani, nguo, shanga, chumvi, pembe, hata mashine zilizofunguliwa vipande vipande, kilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Na katika kazi hiyo Wanyamwezi walikuwa mabingwa tangu zama za misafara ya Bagamoyo, wenye nyimbo zao, vyeo vyao na kanuni zao za njiani.

Motokaa ya Graetz iliinuliwa juu ya ardhi kuliko magari ya barabara za Ulaya, ikapewa magurudumu makubwa na matangi ya ziada. Hata hivyo matangi hayakutosha, na petroli haikuuzwa popote kati ya Dar es Salaam na Rhodesia. Ilibidi ipelekwe mbele na kuwekwa akiba njiani kabla motokaa haijafika. Ilipelekwa na nani? Mzigo wa mpagazi kwa desturi ulikuwa kiasi cha kilo 30, nao ni uzito wa debe mbili za petroli. Kila debe mbili alizozimimina Graetz katika tangi lake zilikuwa zimekwisha kutembea kwa miguu, kichwani mwa mtu, njia ileile ambayo motokaa ilikuja kuipita kwa kishindo. Wenyeji walimpachika lakabu ya Bwana Tucke-Tucke, kwa mlio wa injini yake. Na hapana shaka kwamba mlio huo ulisikika kwa nguvu zaidi masikioni mwa wale waliojua mafuta yake yalifikaje.

Alipitia Kilosa na Mpwapwa, akaenda mpaka upande wa kusini wa ziwa Tanganyika, akaingia Rhodesia ya Kaskazini hadi Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, akayaona maporomoko ya Victoria, akashuka Bulawayo na Johannesburg, kisha akaikabili Kalahari na kutokea Windhoek. Palipokuwa na mto, miti ilikatwa ikatandazwa. Palipokuwa na tope au mchanga, kamba zilifungwa na watu wakavuta. Na palipovunjika chuma, msafara ulikaa kungoja kipuri kiagizwe Gaggenau, kipakiwe melini, kishushwe bandarini, kisha kiletwe porini kwa miguu. Ukizigawa kilomita 9,500 kwa siku 630, unapata wastani wa kilomita 15 kwa siku. Na wazee wa misafara, ambao walizoea kutoka alfajiri na kutua kabla ya jua la utosini, walikwenda mwendo usiopungua huo, wakiwa na mizigo vichwani, pasipo petroli wala silinda.

Simsemi Graetz kwa kumdhalilisha. Alikuwa na subira isiyo ya kawaida, na mwaka 1911 alirudi Afrika kujaribu kulivuka bara tena, mara hii kwa mashua ya injini, safari iliyomgharimu mwenziwe Octave Fière, aliyeuawa na nyati. Lakini hesabu ni hesabu. Sifa ya chombo ilikuwa kwamba kilifika. Sababu ya kufika ilikuwa kwamba mkoa hadi mkoa walipatikana watu wa kukivusha.

Mabega ya vita

Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani walikuwa wameandaa maonyesho makubwa Dar es Salaam, kusherehekea kwamba reli yao imefika Kigoma na kuonyesha mazao na mashine za koloni. Vita ikawatangulia. Nchi ilizingirwa kwa meli za Waingereza, petroli ikakatika, na waliobaki na motokaa chache wakaanza kukamua mafuta ya kuendeshea kutoka kwa mbata, mafuta waliyoyapa jina la Trebol; hata minazi ya pwani ikaingizwa katika vita ya injini. Lakini koloni zima lilikuwa na malori ya kuhesabika kwa vidole, na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck liliishi kwa wapagazi, kama lilivyoishi jeshi lililokuwa likilifukuza.

Waingereza waliuchukua mji tarehe 4 Septemba 1916, na kikosi chao cha wapagazi kikapiga kambi mahali ambapo katika miaka ya 1920 palifunguliwa soko, na mtaa mzima ukarithi jina la kikosi hicho, Kariakoo. Kwa upande wa Waingereza peke yake waliandikishwa wapagazi wanaokaribia milioni moja. Makumi ya maelfu hawakurudi kwao, na walio wengi hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, homa ya mapafu na upungufu wa chakula. Waingereza walileta pia malori mengi, yakazama katika matope ya masika ya Rufiji na kusini, na kila lori lililozama liliongeza mizigo kwa watu. Katikati ya mji, mahali iliposimama sanamu ya Gavana Wissmann enzi za Wajerumani, ilisimamishwa mwaka 1927 sanamu ya askari ambayo bado twaizunguka kila siku. Na maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono ilitajwa, ila sura iliyowekwa juu ya jiwe ni ya mwenye bunduki.

Taksiri hii ya kuwatumia watu na kuwasahau haikuwa ya Afrika peke yake. Katika vita vya pili vya dunia Daimler-Benz iliunda injini za ndege na malori ya jeshi la Hitler, na kufikia mwaka 1944 karibu nusu ya watendakazi wake 63,610 walikuwa watu walioshurutishwa: raia waliotekwa nchi za mashariki, wafungwa wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni ilikuja kukiri hayo kwa kinywa chake, na katika miaka ya 1980 ilitoa fedha kwa waliosalia na kuweka sanamu ya ukumbusho. Ilichukua miaka zaidi ya 40 kwa neno hilo kutamkwa; wapagazi wa petroli ya Graetz bado hawajapata wa kuwatamkia.

Nyota juu, spea chini

Uhuru ulipokuja, nyota ya kampuni hiyo ya Stuttgart ikapanda daraja nyingine. Katika miaka ya 1960 watu wa Afrika Mashariki waliwapa wakubwa wapya jina la Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya lililohamia na ambalo mila yake ni kukaa kiti cha nyuma. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Na ingawa halikulitaja gari la aina yoyote, raia wa kawaida walilisoma huku wakiitazama ile nyota. Ndivyo ilivyokuwa kwamba chombo kilichovuka nchi kwa mabega ya wananchi kikawa, baada ya miaka 60, alama ya kuwaacha wananchi barabarani.

Lakini mwenye kutaka kuijua Benz kwa undani wake asimtazame aliyekaa kiti cha nyuma. Na ashuke kutoka Mnazi Mmoja, apite Mtaa wa Lumumba, aingie ndani kupitia mitaa ambayo majina yake, Nyamwezi, Livingstone, Kongo, yanatosha kumkumbusha njia za misafara, hata afike Gerezani na Shaurimoyo, ambako maduka ya spea yamebanana, injini za mtumba kutoka Ujapani, Uingereza na Dubai zimepangwa barazani, na njia ya waenda kwa miguu imekuwa nyeusi kwa oili. Huko mteja haji na jina la kipuri. Huja na kipuri chenyewe kilichokufa, kimeviringishwa katika gazeti. Muuzaji hukifungua taratibu, hukifuta kwa kitambaa, hukielekeza kwenye mwanga asome nambari zilizochongwa ubavuni, kisha huanza kuyahesabu meno ya gia kwa ukucha wa kidole gumba, mara moja kwenda na mara moja kurudi.

"Mzee wangu," nilimsikia mmoja akimwambia mteja aliyemzidi umri mara mbili, "shikamoo kwanza. Hii uliyoleta siyo ya gia boksi yako. Aliyekufungia mwanzo alikuchanganyia, ndiyo maana imekula mwenzake."

"Marahaba, mwanangu. Basi nipe ya mtumba iliyo nzima, usinipe mpya ya feki."

Kijana akapanda juu ya dari ya duka kwa ngazi ya mbao, na kwa dakika chache zikasikika sauti za chuma tu. Aliposhuka alikuwa na gia mbili za aina moja, akazilaza sambamba na ile mbovu juu ya meza, akamwacha mzee achague mwenyewe kwa kuzipitisha kidole. Elimu ile haikutoka katika kitabu cha Stuttgart wala Gaggenau. Imetoka kwa fundi aliyemfundisha spana boi, na spana boi akawa fundi akamfundisha mwingine, na kila mmoja ameongeza aliyoyaona: kwamba chuma hiki huchoka kwa joto la nchi yetu, kwamba mpira ule haustahimili vumbi, kwamba kipuri cha gari fulani hukubali katika gari jingine ukikikata milimita kadhaa kwa mashine ya kukereza.

Kiwanda cha Gaggenau hakijafungwa. Kiliunda Unimog, lile gari la kupanda milima na mashamba, tangu mwaka 1951 mpaka mwaka 2002 kazi hiyo ilipohamishiwa Wörth, na hadi leo huunda gia boksi na akseli za malori. Malori hayo, pamoja na ya makampuni ya Uswidi na Uchina, hutoka bandarini kwetu kila siku yakafuata barabara ya Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, yakaingia Zambia, mengine yakafika hata Kabwe, mengine yakarudi na shaba. Safari ambayo Graetz aliifanya kwa miezi mingi, dereva na utingo wake huimaliza kwa siku chache, foleni ya mpakani ikiwaruhusu. Tofauti kubwa kati ya safari hizo mbili haimo ndani ya injini tu, maana hata injini bora ya leo hufa ikikosa lami, kituo cha mafuta na fundi. Imo katika mambo yaliyowekwa kando ya njia na watu wa nchi, mizani, gereji za mabati, wauza matairi wa Chalinze na Makambako, na maduka ya Gerezani yanayopigiwa simu usiku kutafutiwa kipuri kipakiwe katika basi la alfajiri.

Kwa hiyo nashauri jambo moja, nalo lina gharama ndogo. VETA, mamlaka yetu ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao kwao fundi aliyejifunzia kazi chini ya mwembe hupimwa kwa vitendo akapewa cheti kinachoutambua ujuzi wake. Mafundi wa Gerezani, Ilala na Keko na wahimizwe kwenda kupimwa, wenye gereji wasiwazuie, na wanaosimamia utaratibu huo wasichoke kuwafuata waliko. Wapagazi waliomvusha Bwana Tucke-Tucke wamekwisha kupita na vitabu havikuwataja kwa majina. Ila anayeifungua gia boksi ya Gaggenau leo hii katika Mtaa wa Gerezani yuko hai, ana jina la baba na la babu, na daftari la kumwandika lipo.